Kasha la jazi: sindano kwanza, bei baadaye

Swali: Mjomba wangu aliaga dunia na kuniachia kasha la santuri kama 80. Karibu nusu ni nzito, zinavunjika upesi na zimeandikwa 78. Zilizobaki ni LP za Miles Davis, Art Blakey, Duke Ellington na wengine nisiowajua. Nina pleya mbili: moja ya sanduku niliyoinunua mpya hapa mjini, nyingine inayozungushwa kwa mkanda ambayo binamu alikuja nayo kutoka Marekani. Hii ya Marekani, hata baada ya kununua transfoma, huzunguka polepole na waimbaji wanasikika kama wamelewa usingizi. Nitumie ipi? Nizioshe vipi? Zina thamani? Na nikitaka kuendelea kukusanya, nianzie wapi? (Msomaji wa South B, Nairobi)

Jibu: Pole kwa kufiwa na mjomba, na umefanya vyema kutokimbilia kuuza. Ombi langu la kwanza ni kwamba usicheze santuri nyingine yoyote hadi umalize kusoma habari za sindano hapa chini. Santuri iliyodumu miaka 60 inaweza kuharibiwa kwa dakika 20, na mfereji ulioharibika hauna fundi. Vumbi huoshwa, jalada hugundishwa, mota hurekebishwa. Ukuta wa mfereji ukishakwanguliwa, sauti iliyokuwa pale imekwenda.

Anza kwa kuzitenga mafungu matatu, si mawili kama ulivyofanya.

Fungu la kwanza ni 78 zenyewe, yaani za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Nyingi zina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25, na upande mmoja hubeba dakika 3 hivi. Chache ni za inchi 12 na hufika dakika 4 na kidogo. Zimetengenezwa kwa shelaki, gundi inayotolewa na wadudu fulani wa India na kuchanganywa na unga wa mawe na masizi. Fungu la pili ni LP (Long Playing, za kuzunguka mara 33 1/3 kwa dakika) za kawaida za inchi 12, ambazo ni za plastiki ya vainili. Fungu la tatu ndilo linaloponza wengi: LP za inchi 10. Columbia ya Marekani ilianzisha LP mwezi Juni 1948, na hadi katikati ya miaka ya 1950 kampuni za jazi, zikiwemo Blue Note na Prestige, zilitoa LP nyingi za upana huo mdogo. Ukizitazama haraka utadhani ni 78. Soma lebo: ukiona "33 1/3", "Long Playing" au "Microgroove", hiyo ni LP hata kama ni ndogo na nzito. Lebo ikiwa imefutika, ilaze chini ya taa kwa mshazari. Mifereji ya 78 huonekana mmoja mmoja kwa macho matupu, ya LP imebanana hadi inang'aa kama hariri. Usijaribu kuikunja ili kujua ni ya aina gani, maana shelaki haikunjiki, itakatika mkononi.

Ukizitenga, ziandike. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kila santuri andika jina la lebo, nambari ya katalogi, na herufi au nambari zilizochongwa katika ile sehemu tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Hizo za kuchongwa ndizo zitakazotuambia baadaye ilichapwa lini na kutoka kwa nakala gani.

Sindano

Ncha ya sindano ya 78 ina nusukipenyo cha inchi 0.003, kama mikroni 76. LP za mono (njia moja ya sauti) za miaka ya 1950 zilikatwa kwa kufikiria ncha ya mikroni 25 hivi, na LP za stirio (njia mbili, kushoto na kulia) mikroni 18. Sindano ya LP ukiitia ndani ya 78, inadidimia hadi chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo uchafu na chengachenga za mawe zimekaa, na inayumba huku na huku kama baiskeli iliyoingia mtaroni. Unasikia mchakacho wa kelele na muziki kwa mbali. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sindano ya 78 ikiwekwa juu ya LP haiingii mferejini. Inapanda juu ya kingo na kuzikwangua kwa uzito wote wa mkono. Mara moja tu inatosha.

Pleya nyingi za sanduku zina swichi ya 78 lakini sindano moja tu, ile ya LP. Kwa hiyo swichi hiyo hubadilisha kasi bila kubadilisha jambo lenye uzito zaidi. Tena katriji zake, kile kipande cha mwisho wa mkono kinachoshika sindano, ni za kauri, hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nzuri ya sumaku inatosheka na gramu 2. Spika zimo ndani ya sanduku lilelile, hivyo besi inapopiga, sindano inatikisika. LP ya Art Blakey, yenye ngoma zinazolipuka, itaruka au kukwaruza hapo hapo. Pleya hiyo itumie kwa santuri za bei ya chai. Kasha la mjomba usiliweke karibu nayo.

Njia iliyo nafuu na salama ni kuwa na katriji moja yenye sindano mbili za kubadilisha. Mfano mzuri ni jamii ya Audio-Technica AT-VM95: mwili ni mmoja, na sindano huchomolewa na kuingizwa kwa vidole. AT-VM95E ni ya LP na hutaka uzito wa gramu 2. AT-VM95SP ni ya 78, yenye ncha ya inchi 0.003, na hutaka gramu 5 hivi. Kosa linalotokea kila mara ni kubadilisha sindano na kusahau kubadilisha uzito. Sindano ya LP ikiwekewa uzito wa gramu 5 inajikunja na kusaga mfereji. Ya 78 ikiwekewa gramu 2 inarukaruka, na kule kuruka ndiko kunakochimba shelaki. Bandika karatasi kwenye pleya: E = 2, SP = 5.

Usipime uzito kwa kutazama namba zilizo kwenye mkono wa pleya pekee. Nunua mizani ndogo ya dijitali ya kupimia dhahabu, yenye kuonyesha gramu 0.01. Maduka ya simu na vifaa vya umeme ya Luthuli huwa nayo. Na hesabu saa za kazi: sindano ya duaradufu kama E hudumu saa 300 hivi, ya ncha ya mviringo kama saa 500. Ukisikiliza LP moja ya dakika 40 kila siku, saa 300 ni LP 450, yaani mwaka na robo.

Kama kuna gramafoni ya kuzungusha kwa mkono katika ukoo, yenye sindano za chuma, icheze tu 78 zilizochakaa au zilizo nyingi, tena sindano mpya kwa kila upande. Chuma husagwa na yale mawe ya shelaki hadi kichukue umbo la mfereji, na hiyo ndiyo sababu sindano iliyotumika upande mmoja inakuwa patasi upande wa pili. LP isiguse kabisa mashine hiyo.

Kwa nini pleya ya Marekani inasinzia

Transfoma yako haina kosa. Imefanya kazi yake ya kushusha volti 240 za Kenya, lakini haiwezi kubadilisha hezi. Umeme wa Marekani hupiga hezi 60, wetu 50, na mota za zamani za mkondo geu hufuata hezi, si volti. Kwa hiyo pleya inazunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi yake: 33 1/3 inakuwa 27.8, 45 inakuwa 37.5, na 78 inakuwa 65. Sauti inashuka zaidi ya nusutoni tatu. Ndiyo usingizi unaousikia.

Dawa ni puli. Mota inashika mkanda kwa puli ndogo ya shaba au plastiki, na puli ya hezi 50 lazima iwe kubwa mara 1.2 kuliko ya hezi 60. Watengenezaji wengi waliuza puli za aina zote mbili, kwa hiyo kwanza tafuta ya asili kwa jina na modeli ya pleya. Ukikosa, fundi wa kukereza vyuma anaweza kuichonga kutoka shaba ya njano, lakini mpe vipimo vya kaliper, si vya rula. Jumlisha unene wa mkanda katika hesabu. Mfano: puli ya milimita 10 na mkanda wa unene wa milimita 0.6. 10.6 mara 1.2 ni 12.72, toa 0.6, unabaki na 12.12. Fundi akikosea kwa milimita 0.1, kasi inakosea kwa karibu asilimia 0.8, ambayo sikio zuri litaisikia kwenye piano. Mwambie pia aache katikati ya puli pavimbe kidogo sana, la sivyo mkanda utateleza na kutoka.

Jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa transfoma hawalisemi: mota ya volti 120 na hezi 60 ikipewa hezi 50 huvuta umeme mwingi kuliko kawaida na kupata joto. Volti 100 inaifaa zaidi. Ukiigusa baada ya saa moja na kuona huwezi kuacha mkono juu yake, ipumzishe.

Ukiona gharama ya haya yote inazidi thamani ya pleya, achana nayo. Pleya ya mota ya moja kwa moja, isiyo na mkanda, yenye kudhibitiwa na kioo cha kwatsi haijali hezi za ukutani. Audio-Technica AT-LP120 ina kasi zote tatu, 33, 45 na 78, na inakubali katriji niliyoitaja. Technics SL-1200MK2 ni imara kuliko hiyo, ila haina 78.

Kupima kasi, tumia karatasi ya duara yenye mistari ya hezi 50, iliyolazwa juu ya pleya inapozunguka. Kwa 33 1/3 inakuwa na mistari 180 kuzunguka duara, kwa 78 mistari 77. Chini ya taa, mistari ikisimama kasi ni sawa, ikitembea mbele pleya inawahi. Balbu nyingi za LED hazimetimeti vya kutosha kuonyesha jambo hili, kwa hiyo tafuta balbu ya zamani ya waya au taa ya mrija. Na usitishike ukikuta santuri za kabla ya 1925 zinasikika juu au chini hata kasi ikiwa sahihi. Siku hizo kila kampuni ilikuwa na 78 yake, na nyingine zilirekodi karibu na 80.

Kuweka pleya

Hapa ni pafupi. Weka pleya juu ya meza nzito isiyogusana na spika, uisawazishe kwa pima maji ndogo pande mbili. Sawazisha mkono wa pleya uelee bila uzito, kisha ongeza gramu zinazotakiwa. Pangilia katriji kwa karatasi ya vipimo iliyochapishwa kwa asilimia 100, na uihakikishe kwa rula kabla ya kuiamini, kwa sababu printa za saiba hupunguza ukubwa bila kukuambia.

Ukisikia mvumo wa besi usiokoma, waya mwembamba wa kutuliza umeme haujafungwa kwenye amplifaya. Ukisikia sauti kali iliyopasuka tangu mwanzo, huenda umeunganisha pleya yenye kikuza sauti cha ndani kwenye tundu la fono la amplifaya, ambalo nalo lina kikuza sauti chake, na sauti inakuzwa mara mbili. Zima kimoja. Sauti nyembamba isiyo na besi ni kinyume chake: hakuna hata kimoja kinachofanya kazi.

Kuosha

Sheria moja isiyovunjwa: alkoholi na shelaki ni maadui. Spiriti ya duka la dawa, vitakasa mikono, dawa za kusafishia vioo, vyote huyeyusha uso wa 78 na kuuacha mweupe na mbovu. Kwa vainili, alkoholi kidogo hadi asilimia 10 inavumilika, ila huihitaji.

Mchanganyiko ni lita 1 ya maji yaliyotoneshwa na matone 3 hadi 5 ya sabuni ya maji ya kuosha vyombo, isiyo na rangi wala krimu ya mikono. Maji hayo hupatikana kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Usisuuze kwa maji ya kisima. Nyumba nyingi za Nairobi hutumia visima virefu, na maji yake yana chumvichumvi zinazobaki mferejini yakikauka, halafu unasikia chembechembe za kelele ambazo hazikuwepo kabla hujaosha.

Kwa LP: funika lebo kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira, au kishike kwa mkono. Pangusa vumbi kwa brashi kavu. Mimina kama mililita 30 za mchanganyiko upande mmoja, acha dakika 2, kisha sugua kwa brashi laini ya rangi ukifuata mzunguko wa mfereji, kamwe usikatize kutoka katikati kwenda ukingoni. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa bila sabuni. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kisha kingine kikavu, halafu isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kwa saa moja. Kuirudisha kwenye bahasha ikiwa na unyevu ni kukaribisha ukungu.

Kwa 78 fanya hivyohivyo, lakini usiloweke. Dakika nzima ni nyingi. Maji hupenya kwenye nyufa na kuivimbisha, hasa zile za Columbia zilizotengenezwa kwa tabaka, na wino wa lebo za zamani huyeyuka kwa tone moja. Sugua, suuza, kausha bila kupumzika, moja baada ya nyingine. Ile njia ya kumwaga gundi nyeupe ya mbao na kuibandua ikikauka, ambayo video nyingi huisifu, haifai kabisa kwa shelaki: inang'oa uso.

Bahasha mpya za ndani ziwe za poliethilini. Za awali usizitupe, ziweke nyuma ya santuri ndani ya jalada, maana baadhi ndizo zinazoonyesha mwaka. Santuri zisimame wima, zisilale mafungu. LP 100 na majalada yake ni kilo 25 hivi, kwa hiyo rafu ya mbao nyembamba itapinda na kuzipindisha. Usiziweke juu karibu na mabati, wala ukutani panapolowa msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei. Mchwa hupenda karatasi kuliko sisi tunavyopenda santuri: rafu isiguse ukuta wa nje.

Kusikiliza

LP za mono na 78 zote zina njia moja tu ya sauti. Katriji ya stirio inapozicheza, inaokota pia mtikisiko wa juu na chini ambao si muziki, ni kelele tupu. Bonyeza kitufe cha mono cha amplifaya, au unganisha njia ya kushoto na ya kulia, na sehemu kubwa ya mchakacho itapotea. Ni badiliko la bure lenye faida kubwa kuliko kununua waya wa bei ghali.

Amplifaya za leo hufuata mizani ya besi na sauti nyembamba ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, iliyowekwa mwaka 1954. Santuri zilizotangulia zilikatwa kwa mizani tofauti, hivyo 78 nyingi husikika zimefunikwa. Ongeza kidogo sauti nyembamba na uguse besi kwa tahadhari. Za kabla ya 1925 zilirekodiwa kwa pembe bila maikrofoni: hakuna besi ya kweli wala matoazi yanayong'aa, na huwezi kuvirudisha kwa kuzungusha vitufe. Hata ngoma kubwa waliiacha nje mara nyingi, maana ingerusha kile kisu cha kukatia mfereji. Nyingine zilizochapwa wakati wa vita, kuanzia 1942 hadi 1945, zina kelele tangu kiwandani, kwa sababu shelaki ilikuwa adimu na viwanda vilisaga santuri kuukuu kutengeneza mpya. Halafu tangu tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi, na kampuni kubwa za mwisho hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Ndiyo maana miaka ya mwanzo kabisa ya bebop, mtindo wa jazi uliokuwa ukizaliwa wakati huo, ina pengo ambalo hakuna pesa inayoweza kulijaza.

Ukisikiliza 78, hesabu. Blues ya vipimo 12 vya mapigo manne kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika huchukua sekunde 24, kwa hiyo upande wa dakika 3 unatoshea mizunguko 7 tu. Wapigaji walijua hilo. Tarumbeta inapewa mzunguko mmoja, klarineti mmoja, piano nusu, na hakuna noti inayopotezwa. Weka kisha LP ya miaka ya 1950 na usikie saksafoni ikichukua mizunguko 8 peke yake bila wasiwasi. Tofauti hiyo haikutokana na vipaji bali na nafasi, na kuisikia kwa mfululizo, 78 kwanza halafu LP, kunafundisha historia ya jazi vizuri kuliko maelezo ya nyuma ya jalada. Rudia upande mmoja mara mbili kabla ya kuhamia mwingine: mara ya kwanza fuata anayeongoza, ya pili fuata besi.

Na kama LP ya Miles Davis uliyonayo ni Kind of Blue ya zamani, upande wa kwanza utausikia umepanda juu kidogo ukilinganisha na piano iliyopangwa sawa. Usimlaumu fundi wa puli. Katika kipindi cha kurekodi cha tarehe 2 Machi 1959 mashine ya tepu ilienda polepole, na kosa hilo halikusahihishwa hadi matoleo ya 1992.

Thamani

Hali huja kwanza, jina baadaye. LP ya mtu mashuhuri yenye mfereji wa kijivu haina bei kuliko ya mtu wa kati iliyo safi. Tazama chini ya tochi: mistari ya kijivu palipo na sauti kubwa ni uchakavu wa sindano nzito, na sabuni haitauondoa. Mikwaruzo myepesi inayoonekana lakini haisikiki kwa kidole hupunguza bei kidogo. Michirizi mingi kuzunguka tundu la katikati inasema ilichezwa sana.

Blue Note zina alama nyingi za kusomeka. Anwani kwenye lebo ilibadilika: "767 Lexington Ave" ni ya mapema, "47 West 63rd" ilianza 1957, "New York USA" ni ya miaka ya 1960, na "A Division of Liberty Records" ni ya baada ya kampuni kuuzwa 1966. Katika sehemu tupu tafuta "RVG" au "VAN GELDER", alama ya mhandisi Rudy Van Gelder, na herufi ya mkono inayofanana na sikio. Sikio hilo ni P ya kiwanda cha Plastylite, kilichozichapa hadi 1966. Liberty ilitumia lebo za zamani zilizobaki, kwa hiyo lebo ya "New York USA" bila sikio ni ya baadaye, hata kama muuzaji anaapa.

Santuri nyingi zilizobaki Nairobi zilitoka Uingereza, na hapo majina hudanganya. Jina Columbia huko lilikuwa mali ya EMI, kampuni tofauti kabisa. Muziki wa Columbia ya Marekani ulitolewa Uingereza na Philips na Fontana, kisha kwa jina la CBS kuanzia 1962. Prestige ilitoka huko kwa lebo ya Esquire. Louis Armstrong na bendi yake Hot Five, waliorekodi kwa OKeh kuanzia 1925, walitolewa tena Uingereza na Parlophone. Kwa hiyo 78 ya Parlophone ya Armstrong ni muziki wa miaka ya 1920 lakini mara nyingi si santuri ya miaka hiyo, na bei yake ni ya kawaida. Columbia ya Marekani ya miaka ya 1950 ina lebo yenye alama sita za macho. Hizo za macho sita ndizo wanunuzi huzitafuta.

78 nyingi za bendi kubwa za miaka ya 1930 na 1940, Ellington akiwemo, zilichapwa kwa wingi mno na hazina bei kubwa. Umri si thamani. Zinazotafutwa ni za kampuni ndogo za miaka ya 1920 kama Gennett, iliyorekodi bendi ya King Oliver mwaka 1923 mjini Richmond, Indiana. Ukikuta Gennett, Paramount au OKeh halisi ndani ya kasha, usiicheze hata kwa sindano sahihi kabla ya kumwonyesha mtu anayezijua.

Kuendelea kukusanya

Kenyatta Market ndiko utakapokuta mtu wa kukuonyesha rafu nzima, na Gikomba huangusha maajabu wakati nyumba za wazee zinapohamishwa. Ukiuliza "jazi" pekee utaletewa Shirati Jazz, O.K. Jazz au Morogoro Jazz. Muziki mzuri, na zilizo safi zinatafutwa duniani kote, lakini si hizi. Taja mpigaji au lebo.

Nenda mchana, na tochi ya simu. Hakikisha nambari ya lebo inalingana na ya jalada, kwa sababu watu hubadilishana santuri bila kujua. Iinue kwa kingo usawa na macho uone kama imepinda. 78 itie kidole tunduni na uigonge taratibu ukingoni: nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti ya kufa. Ufa mmoja utakupa kishindo zaidi ya mara moja kila sekunde, kutoka mwanzo hadi mwisho. Beba vipande viwili vya kadibodi ngumu na mpira wa kufungia. Kwenye matatu zisimame wima magotini. 78 juu ya bodaboda zitafika vipandevipande.

Ukiagiza nje, jumlisha nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kusema umepata bei nzuri. Mwambie muuzaji atoe LP nje ya jalada na kuiweka nyuma yake ndani ya bahasha yake. Ikiachwa ndani, ikianguka mara moja tu njiani hupasua mshono wa jalada, na jalada la Blue Note lililopasuka hupunguza bei kiasi cha kuuma. Na kwa 78, mwombe atume zisizozidi 5 kwa kifurushi, kila moja kati ya kadibodi mbili, zote ndani ya boksi lililo ndani ya boksi.